Mashine Zinazotoa Siri

Mwaka 1891 jarida la Strand la London lilichapa hadithi fupi iitwayo A Case of Identity. Binti mmoja, Mary Sutherland, anaingia kwa mpelelezi Sherlock Holmes na shida yake, na kabla hajaketi vizuri anaulizwa kama haoni taabu kupiga chapa kutwa nzima na macho yasiyoona mbali. Anashtuka. Amejuaje? Holmes anakuja kumfafanulia rafiki yake Watson baadaye: mikono ya gauni la yule binti ni ya mahameli, na juu kidogo ya kifundo cha mkono mahameli imelala ikaacha mistari miwili, pale pale mpiga chapa anapoegemeza mikono kwenye ukingo wa meza. Na puani ana vishimo viwili vya miwani.

Wasomaji wengi wa Arthur Conan Doyle huipita hadithi hii haraka. Haina maiti, haina hazina iliyofukiwa, wala hakuna anayefungwa jela. Mimi naipenda kuliko zote alizoandika, kwa sababu ndani yake taipureta ni riziki ya mlalamikaji, ni kinyago cha mkosaji, na ni shahidi, yote kwa pamoja. Sijui hadithi nyingine ya enzi zile inayoonyesha kwa ufupi namna hiyo jinsi mashine ilivyoingia katika maisha ya mtu wa kawaida ikayageuza.

Mary analipwa peni mbili kwa karatasi, na kwa siku humaliza karatasi 15 hadi 20. Hiyo ni shilingi mbili na nusu, na siku ya kazi nyingi shilingi tatu na peni nne. Mbali na hapo ana urithi kutoka kwa jamaa yake wa Auckland: dhamana za New Zealand za pauni 2,500, zinazozaa asilimia nne na nusu kwa mwaka. Faida hiyo amewaachia mama yake na baba wa kambo kwa muda wote atakaokaa nyumbani kwao. Yeye anajitegemea kwa taipureta. Baba huyo wa kambo amemzidi binti miaka mitano na miezi miwili tu, na hataki atoke hata kwenda kutembea. Siku moja baba wa kambo yuko safarini Ufaransa, Mary anakwenda kwenye dansi ya mafundi wa gesi, maana marehemu baba yake alikuwa fundi bomba na wale ni watu waliomfahamu. Huko anakutana na bwana mpole, mwenye sharafa, miwani ya giza na sauti ya chini kama ya mtu aliyeumwa koo. Wanachumbiana. Barua zote za bwana huyo zimepigwa chapa, hadi jina lake mwishoni. Asubuhi ya harusi anapanda gari la farasi peke yake, binti na mama yake wanatangulia katika gari jingine. Gari la bwana harusi linafika kanisani, mlango unafunguliwa, ndani hamna mtu.

Holmes hatoki nyumbani. Anamwandikia barua baba wa kambo, kazini kwake, kisha anasubiri jibu. Jibu linakuja kwa chapa. Herufi e ina ukungu, na mkia wa r una kasoro kidogo, sawasawa na zile barua za mchumba. Mchumba na baba wa kambo ni mtu mmoja. Alijibadili ili binti aape kumsubiri mwanamume asiyekuwapo, asiolewe na mwingine, na zile pauni mia na ushei kwa mwaka zisitoke nyumbani.

Kiwanda cha Remington cha huko Ilion, New York, kilikuwa kikitengeneza bunduki na cherehani kabla ya kuanza kuuza mashine ya Christopher Latham Sholes mwaka 1874. Za mwanzo zilifanana na cherehani kweli kweli: zilichorwa maua ubavuni, na nyingine zilikuwa na pedali ya kukanyaga ili kurudisha roli mwanzo wa mstari. Kilichouzwa kilikuwa maandishi yasiyo na mwandiko. Karani wa zamani alijulikana kwa mkono wake, alivyopinda herufi, alivyobonyeza kalamu. Mashine iliahidi kwamba barua ya yeyote itafanana na barua ya yeyote.

Na mashine hiyo ikafungua mlango uliokuwa umefungwa. Binti wa Kiingereza asiye na mali alikuwa na njia chache za kupata senti yake: kutumika majumbani, kushona, kufundisha watoto wa matajiri, kwenda kiwandani. Ukarani ulikuwa wa wanaume. Ndani ya miaka ishirini au thelathini hivi kiti cha mbele ya taipureta kikawa cha mwanamke, huko Marekani na Uingereza, ingawa mshahara wake ulibaki chini ya ule wa mwanamume. Kumbuka pia kwamba sheria ya Uingereza iliyompa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake mwenyewe ilikuwa ya mwaka 1882, miaka tisa tu kabla ya hadithi hii. Mary akiolewa, angeondoka na fedha zake, na hakuna mume ambaye sheria ingemkabidhi. Ndiyo maana yule baba wa kambo alihangaika kiasi kile. Bila sheria ya 1882 na bila mashine ya 1874, kisa chote kinaanguka.

Haya ya taipureta nayazungumza kwa mapenzi kwa sababu nimelelewa na moja. Mama yangu mdogo alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja Tanga, na ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye vidole vyake. Kwenye droo alikuwa na pini, mswaki wa zamani na kichupa cha spiriti. Kila baada ya siku chache aliinua kifuniko, akachokoa uchafu uliojaa ndani ya e, o na a, herufi zenye tumbo, kwa sababu wino wa utepe na nyuzi zake hukaa humo hadi herufi inatoka imeziba kama doa. Alikuwa na mazoea ya kuinua barua kwenye mwanga na kusema imetoka wapi: hii ya masjala, hii ya mashine ya dirishani, hii mwenzangu aliipiga akiwa na haraka maana kaboni imeteleza. Nilikuwa mtoto, nikaona ni uganga. Niliposoma juu ya e yenye ukungu miaka mingi baadaye, niliamini mara moja. Kiwanda kikitoa mashine elfu zinazofanana, matumizi huanza kuzitenganisha tangu siku ya kwanza: chuma kinalika, mkono huu unabonyeza kwa nguvu kuliko ule, ofisi hii ina vumbi na ile haina.

Nilimsimulia hadithi nzima. Ile e haikumshangaza hata kidogo. Kwake yalikuwa mambo ya kila siku. Aliuliza swali moja: "Sasa binti kaambiwa?"

Hakuambiwa. Holmes anamkamata yule baba, anamkaripia, anataka hata kumcharaza kiboko, mtu anakimbia, na habari inaishia hapo. Sheria haina la kumfanya. Kuhusu Mary, Holmes anasema hata akimwambia hataamini. Kwa hiyo binti anarudi nyumbani kwa mtu aliyemlaghai, anaendelea kupiga chapa kwa peni mbili na kumsubiri mchumba hewa. Mashine imetoa siri, na siri imekaa kati ya wanaume watatu chumbani. Hilo linaniudhi hadi leo, na tangu mama mdogo aulize, nimekuwa nikilibeba swali lake katika kila hadithi ya aina hii: kilichogunduliwa kilimfikia nani?

Hadithi za upelelezi zenyewe ni zao la zama za mvuke. London ilikuwa na watu wapatao milioni moja mwaka 1801. Mwaka 1901 walizidi milioni sita. Sensa ya 1851 ilikuta, kwa mara ya kwanza, kwamba zaidi ya nusu ya watu wa England na Wales wanaishi mijini. Kijijini mgeni huonekana kabla hajafika kisimani. Katika mji wa namna ile mtu aliweza kubadili jina kwa kubadili mtaa. Polisi wa London walianzishwa 1829, na kitengo cha wapelelezi kikafuata 1842 kikiwa na watu wanane tu. Mwaka mmoja kabla, 1841, mwandishi Mmarekani Edgar Allan Poe alikuwa ameshamtoa Dupin, mpelelezi wake wa kubuni, katika jarida la Philadelphia. Kisha kodi ya karatasi ikafutwa Uingereza mwaka 1861, sheria ya elimu ya 1870 ikazalisha wasomaji wapya, mashine za kuchapa zikaenda mbio, na vibanda vya W. H. Smith vikawa vinauza vitabu kwenye vituo vya treni tangu 1848, kuanzia Euston. Hadithi inayoanza na kuisha ndani ya toleo moja la jarida ilimfaa sana abiria.

Treni yenyewe ilikuwa kificho kizuri kwa mhalifu, na kwa muda mfupi ilielekea kwamba imemshinda polisi. Tarehe 1 Januari 1845, John Tawell alimpa sumu Sarah Hart huko Salt Hill, karibu na Slough, akawahi treni ya saa 1:42 usiku kwenda Paddington. Miaka michache nyuma angekuwa amepona, kwa kuwa hakuna farasi wa kuipita treni. Lakini waya wa telegrafu ulikuwa umefika Slough mwaka 1843. Ujumbe ukatangulia: mtuhumiwa amekata tiketi ya daraja la kwanza, amevaa kama Mkweka (Quaker kwa Kiingereza, muumini wa dhehebu moja la Kikristo), koti la kahawia linalofika miguuni, yumo katika behewa la pili la daraja la kwanza. Mtambo ule wa sindano haukuwa na herufi Q, kwa hiyo aliyetuma aliandika Kwaker. Sajini mmoja akamngoja stesheni, akamfuata kwa basi la farasi hadi akajua anakolala, na kesho yake akakamatwa. Alinyongwa Aylesbury mwezi Machi mwaka huo huo. Inasemekana kwa watu wengi wa London hiyo ndiyo mara ya kwanza waliyoelewa telegrafu ni kitu gani. Mimi naona haishangazi, maana mtambo unaeleweka upesi zaidi ukiwa na kisa.

Tawell alikuwa na mali, heshima na mavazi ya watu wa dini. Zamani aliwahi kupelekwa Australia kama mfungwa kwa kosa la noti bandia, akarudi tajiri. Sarah Hart alikuwa mama wa watoto wawili aliozaa naye kwa siri, akiishi kwa matumizi aliyomletea. Kati ya wote waliotajwa katika ujumbe ule na magazeti yaliyofuata, yeye ndiye aliyeandikwa kwa maneno machache kuliko wote.

Miaka 19 baadaye ikatokea kesi ambayo kila mpenda hadithi hizi angepaswa kuijua. Usiku wa tarehe 9 Julai 1864, Thomas Briggs, karani mkuu wa benki mwenye miaka 69, alipigwa na kutupwa nje ya treni ya North London. Mabehewa ya siku hizo yalikuwa vyumba vilivyofungwa, kila kimoja na milango yake ya nje, bila ujia wa ndani wala kamba ya kumwita mlinzi. Ukifungiwa na mtu mbaya, umefungiwa naye hadi kituo kinachofuata. Muuaji alichukua saa ya dhahabu na mkufu, na katika pirika akavaa kofia ya marehemu akaacha yake. Kofia hiyo iliyoachwa ikatambuliwa na dereva wa gari la farasi, ambaye pia alikuwa na kiboksi cha sonara mtoto wake alichopewa kuchezea. Kiboksi kilimwelekeza polisi kwa sonara aliyepokea ule mkufu. Fundi cherehani Mjerumani, Franz Müller, alikuwa ameshapanda meli ya matanga kwenda New York. Inspekta Tanner akapanda meli ya mvuke, akafika wiki kadhaa kabla yake, akamngoja bandarini. Müller alikutwa na saa, na kofia ya Briggs ikiwa imekatwa kupunguzwa urefu.

Alinyongwa Novemba. Mwaka 1868 bunge likaamuru treni za safari ndefu ziwe na njia ya abiria kuwasiliana na wafanyakazi. Hapa, angalau, kilichogunduliwa kiliwafikia waliohitaji: abiria wa treni hizo wakapata kamba ya kuvuta.

Sasa nije kwenye dole gumba, kwa kuwa hapo ndipo habari hizi zinapotugusa sisi moja kwa moja.

Mwaka 1858, huko Bengal, India, ofisa wa kikoloni William Herschel alimtaka mkandarasi Rajyadhar Konai atie alama ya kiganja chake kwenye mkataba wa vifaa vya barabara. Miongo kadhaa ikapita. Mwaka 1897 ofisi ya alama za vidole ikafunguliwa Calcutta, na waliofanya kazi ngumu ya kupanga alama hizo kwa hesabu, ili karani aipate moja kati ya maelfu, walikuwa Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Mfumo ulipewa jina la mkubwa wao, Edward Henry. Mwaka 1901 ukaingia Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London. Mwaka 1905 ndugu wawili, Alfred na Albert Stratton, walinyongwa kwa mauaji ya duka la Deptford, ushahidi mkubwa ukiwa alama ya dole gumba kwenye kisanduku cha fedha.

Katikati ya miaka hiyo, 1903, Conan Doyle alitoa kisa cha mjenzi wa Norwood. Kijana anatuhumiwa kuua, na asubuhi moja polisi wanakuta ukutani alama ya dole gumba lake kwa damu. Inspekta Lestrade anashangilia. Holmes naye anafurahi, lakini kwa sababu nyingine: ukuta huo aliukagua jana yake na alama haikuwapo. Mjenzi aliyejifanya amekufa alikuwa amemfanya kijana abonyeze nta ya kufunga bahasha, akaichukua alama ile akaigonga ukutani usiku. Miaka miwili tu baada ya polisi kuanza kuuamini mfumo, mwandishi alishawauliza wasomaji wake: sawa, kidole ni chake, lakini nani amekiweka hapo?

Huko Kenya hakuna aliyeruhusiwa kuuliza hivyo. Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa 1896, ikagusa Ziwa Victoria 1901, na mashamba ya walowezi yaliyoifuata yalitaka vibarua ambao hawatatoroka. Sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi abebe kipande. Ndani yake mlikuwa na jina, kabila, alama za vidole, mwajiri, mshahara, siku ya kuanza kazi na sahihi ya mwajiri siku ya kuacha. Bila sahihi hiyo, umetoroka. Kiliwekwa katika kikopo cha bati kikaning'inizwa shingoni. Kilichotumika kumtafuta muuaji mmoja kati ya mamilioni kikageuzwa kuwafanya watu wote washukiwe kabla ya kosa. Harry Thuku alipoanza kukipinga mwaka 1921 alipata wafuasi mara moja. Alikamatwa Machi 1922, na umati uliokwenda kituo cha polisi Nairobi kudai aachiwe ukafyatuliwa risasi. Mtu mwenye kipande aliyabeba maisha yake ya kazi shingoni, na wengi hawakuweza kusoma kilichoandikwa humo juu yao. Swali la mama mdogo halijawahi kuwa na jibu baya kuliko hilo.

Ndiyo maana nafurahia kwamba mpelelezi wetu wa kwanza mashuhuri kwa Kiswahili hakutoka kwenye faili la polisi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikatoka kitabu mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, anavuta kiko, ana Najum wa kumsindikiza, na mtu anaona mara moja jamaa zake wa London. Ila hana maabara. Anasikiliza watu wanavyosema, nani anamtembelea nani, nani ni mtoto wa nani, na anakataa kukubali kwamba maiti iliyokutwa mzimuni imeuawa na mzimu.

Ninachokikosa ni hadithi ya sasa. Kila mwenye simu Tanzania ameshapata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mwanzoni mwa 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na bado ujumbe unakuja, kwa namba iliyosajiliwa kihalali kwa kidole cha mtu. Cha nani? Mtu akiandika kisa cha bibi wa kijijini ambaye kidole chake kina laini tatu asizozijua, wakala wa fedha mwenye mwavuli na daftari la miamala, na binti mpelelezi anayejua kulisoma daftari hilo jinsi mama yangu mdogo alivyosoma barua kwenye mwanga, aniandikie. Nitaisoma usiku huo huo, na nitampelekea mama mdogo nakala kabla sijalala.